Ukiulizwa, Usiseme Uko Sawa

Nekesa wangu,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kumwambia mwenzako unatumai yu mzima, na kwamba wewe pia ni mzima, hofu ni kwake tu. Mwalimu aliandika ubaoni, tukanakili. Mimi niliishia darasa la nane, lakini hilo nililishika, na sijawahi kuandika barua bila maneno hayo. Hii haitakuwa nayo. Wewe si mzima, mwanangu. Na mimi leo si mzima hata kidogo.

Uko chini na Prossy, mwenzetu wa chumba, mmeenda kuwaaga wale paka wa nyuma ya baqala, kile kiduka cha pembeni. Ninawaona kutoka dirishani. Umechuchumaa hatua tatu mbali nao kama ulivyokatazwa, mikono umeificha kwapani isije ikakushawishi. Baba yako amekwenda kupimisha sanduku dukani. Nimekaa kwenye kitanda chako kwa sababu ndicho pekee kisichojaa nguo.

Sitakuandikia habari za dawa. Vidonge vya kila jioni, vile vya mara moja kwa wiki, tarehe za kupimwa damu Eldoret, nani apigiwe simu na saa ngapi, yote baba yako ameyaandika kwenye kile kitabu cha bluu, na mwandiko wake unasomeka kuliko wangu. Atakufikisha Kimilili kwa Kukhu, bibi yako, atakaa wiki mbili, kisha atarudi kwenye malori, maana ndiyo kazi aliyoipata. Mimi ninabaki huku. Visa yako ilining'inia kwenye kazi ya baba yako. Kazi ilipokatika, nayo ikakatika. Mmoja wetu lazima abaki na mshahara, na aliyebaki nao ni mimi. Hayo uliyasikia tukiyaongea huku kwetu pazia limefungwa, ukajifanya umelala. Nilijua hukulala. Nikajifanya sijui.

Nataka kukuandikia juu ya jambo moja tu, ambalo nilikufundisha mwenyewe tangu ukiwa mdogo, nikajivunia, na karibu likuue.

Nilipokuwa na umri wako huu wa miaka kumi na mmoja nilikanyaga msumari nyuma ya jiko la Kukhu. Uliingia mpaka ndani. Kabla sijamwambia mtu, wakaja wageni wa kanisa, nami nikatumwa kuwanawisha mikono. Nikapita na birika nikikanyagia kisigino. Mama mmoja akaniuliza, "Habari yako, msichana?" Nikasema, "Nzuri, mama." Akaniuliza mbona natembea hivyo. Nikasema ni mchezo tu. Walipoondoka Kukhu akaona damu sakafuni, akaelewa kila kitu, na unajua alifanya nini? Alinipa paja la kuku, ambalo kwetu halikuwa la mtoto. Akamwambia baba yangu, "Huyu hataniaibisha popote." Mguu ulivimba mpaka nikabebwa kliniki kwa baiskeli, na hadi leo ninachokumbuka zaidi ni lile paja.

Kwetu mtu hamwagi ugonjwa wake mlangoni. Atasema nzuri, ataketi, atapewa chai, ataulizwa tena na tena, ndipo aseme, nzuri, ila tulimzika mtoto juzi. Siidharau heshima hiyo. Inampa mwenyeji nafasi ya kupumua kwanza. Lakini sisi watoto tulifundishwa ile nzuri. Hakuna aliyetufundisha ile ila.

Nikaja nayo Dubai, na huku ikanifaa. Ofisini Oud Metha ninapopiga deki, madam hupita akauliza kama niko sawa bila kusimama, na siku niliyojaribu kumjibu kitu kingine alitazama simu yake kwa aibu, akaniacha na ndoo yangu. Nikakufundisha na wewe. Mtu akikuuliza, jibu vizuri, tabasamu, usilete vilio. Ulishika upesi. Kila mtu kwenye jengo hili alikuwa akiniambia nina mtoto mwenye adabu.

Ulipopatikana na saratani ya damu ulikuwa na miaka tisa. Daktari alisema watoto wengi wa aina yako hupona, nikalikamata hilo neno la kupona nikaacha mengine yote yapite. Hakuna aliyenificha. Walinieleza dawa zitakufanya nini, wakanipa na karatasi. Mimi nikatikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Wakaniuliza, kuna swali? Nikasema hakuna, tuko sawa.

Basi ukaanza kuburuta malapa. Pa, pa, pa, kutoka msalani mpaka kitandani. Nikakufokea, "Inua miguu, Nekesa, unatembea kama mzee aliyetoka barazani." Ukasema ndiyo mama, ukawa unainua goti juu kabisa kila hatua, kama jogoo kwenye majani yenye umande. Tukacheka, mimi na Prossy. Prossy akakuita Koplo. "Koplo, gwaride!" na wewe unapita kati ya vitanda, unatupigia saluti. Tuliendelea na mchezo huo wiki ngapi sijui. Ilikuwa ile dawa ya mshipani, imelemaza mishipa ya fahamu ya miguu, vidole havikuweza kuinuka. Miguu ilikuwa inakuacha, na wewe unatupigia saluti ili tucheke.

Na kofi. Najua unalikumbuka, ingawa husemi.

Ilikuwa wiki ya vile vidonge vya njaa. Ulikula ugali asubuhi, ukala tena saa nne, ukalia kwa sababu viazi vimeisha. Uso ulijaa mpaka macho yakazama. Siku hiyo ulirusha kikombe cha Prossy ukutani, ukaniambia unanichukia, ungependa kuzaliwa na mtu mwingine. Nikakupiga. Mtoto asiye na unywele hata mmoja, ambaye damu yake wakati ule haikuganda upesi, nikampiga shavuni, na alama za vidole vyangu vinne zikakaa pale siku nyingi, kwanza nyekundu, halafu zambarau, halafu rangi ya chai. Prossy alisimama katikati yetu na sare yake ya ulinzi. Hakupaza sauti. "Nyabo," akaniambia, vile kwao wanavyomwita mama yeyote, "huyo si yeye. Ni vidonge." Nikamuuliza amejuaje. Akasema aliisoma ile karatasi. Ilikuwa imebandikwa mlangoni mwa friji, na mimi ndiye niliyeibandika.

Sasa ile Ijumaa.

Ulikuwa mwezi wa saba. Tulitoka metro tukatembea mpaka nyumbani hapa Al Qusais, jua lile la kulainisha lami. Nilikushika shingo, ulikuwa wa moto. Nikajishika mwenyewe, nilikuwa wa moto. Kitasa cha mlango nilikishika kwa mtandio. Nikajiambia, Dubai mwezi huu nani si wa moto? Tulipoingia ukaanza kutetemeka, nikaona ni AC. Nikaizima. Prossy alikuwa amelala baada ya zamu ya usiku, akaita kutoka nyuma ya pazia lake:

"Nani amezima? Nyabo, unataka kunikaanga? Mimi si sambusa."

"Mtoto anasikia baridi."

"Mtoto mpe blanketi. Mimi niache nife polepole, si leo."

Ulicheka, na meno yanagongana. Nikakuuliza, "Uko sawa?" Ukasema, "Niko sawa, mama."

Kipimajoto kilikuwa ukutani ndani ya mfuko wake, mahali tulipoambiwa kikae. Nilikiangalia. Sikukigusa. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu ninalopata si zuri. Niliogopa namba. Ningeiona namba, ingebidi twende, tukienda wangekulaza, na kesho yake nilikuwa na zamu ambayo nilishaikosa mara mbili. Bila namba, lilikuwa jua tu na AC. Nikakupa kidonge cha kushusha joto. Karatasi ya friji ilisema usimpe chochote kabla ya kumpima. Joto likashuka, ukalala, nikamshukuru Mungu. Nilikuwa nimefunika moto kwa majivu, na chini unaendelea kula.

Ulipoamka jioni uliniita kwa jina la mwalimu wako.

Hospitalini daktari akauliza homa imeanza lini. Nikasema, sasa hivi tu. Sista Zuwena ndiye aliyekuwa akitafsiri, yule muuguzi mtu mzima ambaye wazee wake walitoka Unguja. Alinitazama, kisha akakuinamia wewe. "Mwanangu, hebu nambie, joto hili limeanza saa ngapi?"

Ulinitazama. Midomo yako ilikuwa imepasuka, macho yanazunguka, sijui hata kama uliniona vizuri. Ukasema, "Sasa hivi tu."

Ulinilinda, Nekesa. Unaungua, na unamlinda mama yako asiaibike mbele ya wageni. Kukhu angekupa paja la kuku.

Sista Zuwena akanivuta koridoni. "Huyu mtoto hajui kusema anaumwa. Nani kamfunza?"

"Mimi."

"Basi mfunze upya, bibie. Hapa hatuamkiani. Watu wananijia na uzuri wao mdomoni, nami nawapoteza hivi hivi."

Ndipo nikasema. "Alikuwa wa moto tangu saa tisa mchana. Nilimpa kidonge." Hakunigombeza. Alikimbia. Mwanamke wa umri ule, na magoti yale, alikimbia koridoni akiita majina ya watu. Siku tisa nikakutazama kupitia kioo na barakoa. Zile saa nilizoziiba zilikula nini mwilini mwako, daktari hakuniambia, na mimi sikuuliza. Hilo pia ni kosa. Hata leo sina ujasiri wa kuuliza.

Yanayofuata unayajua kuliko mimi, maana yalikuwa kati yako na Zuwena. Aliingia bila salamu yoyote. Hakusema hujambo. Akauliza tu, "Leo wapi?" kama kwamba lazima pawe na mahali. Ukasema hakuna. Akaketi, akainua mikono yake miwili. "Kidole kimoja ni kama mbu kanigusa. Kumi ni basi tena, siwezi. Mimi goti langu leo ni vinne. Wewe je?" Ulifikiri. Ukainua kimoja, ukanitazama. Ukaongeza cha pili, ukanitazama tena. Nikageuka nikaangalia ukuta ili usinitazame. Nilipogeuka vilikuwa saba. Vidonda vya mdomoni. Saba, na dakika tano nyuma uliniambia uko sawa na nikakulazimisha uji.

Tangu siku hiyo tuna vidole. Miguu ni viwili asubuhi, vitano jioni. Kijiko cha chuma kilikuwa vitatu, kwa sababu kila chakula kilikuwa na ladha ya misumari, nikakununulia cha plastiki, ukala. Kitu kidogo hivyo. Mwaka mzima ulikuwa umekula misumari na kusema asante mama, ni tamu. Siku ulipoinua vidole sita na kusema ni moyoni, si mwilini, kwa sababu nywele zimerudi lakini si zile zako, nilitaka kukuambia ni nzuri zaidi. Nikajizuia. Nikasema, sita ni vingi. Ukaniegemea.

Lakini vidole hivyo umevionyesha nani? Mimi, Zuwena, Prossy, baba yako kidogo. Kukhu hajawahi kuviona.

Jana alipiga simu. "Mwambie mjukuu wangu Jumapili tunafanya shukrani. Kanisa lote linakuja. Atasimama aseme amepona."

"Mama, hajapona bado. Ana mwaka mwingine mzima wa vidonge."

"Usiseme hivyo, utauita urudi. Mtu aliyepona anameza dawa ya nini?"

"Ndiyo inayomlinda. Na akiwa wa moto, hata kidogo tu, ni hospitali saa hiyo hiyo. Usimpe kitu, usingoje asubuhi."

"Nimelea tisa mimi."

"Najua, mama."

"Wewe ulikanyaga msumari, hukulia."

Kisha akaniuliza sauti yangu imekuwaje, kama niko salama. Na mimi, baada ya yote niliyokuandikia hapa, nikasema, niko salama, mama, ni mafua tu ya AC.

Tulizaliwa tisa. Tuko saba. Sijawahi kumuuliza wale wawili walisema nini walipoulizwa habari.

Kwa hiyo sitakudanganya kwamba nina amani. Sina. Ninakutuma kwa mwanamke anayekupenda kuliko macho yake, ambaye nyumba yake yote imejengwa juu ya kunyamaza, na sitakuwepo kukushika shingo. Baada ya wiki mbili baba yako atakuwa njiani. Kitabu cha bluu hakiwezi kuona kwamba unatetemeka. Atakayeona ni wewe tu, na wewe nimekufundisha miaka yote hiyo kuficha.

Jumapili wakikusimamisha, sema asante kwa Mungu, maana ni kweli umetoka mbali na mimi namshukuru kila siku. Usimbishie Kukhu mbele ya watu. Lakini ukisikia joto, au ukisikia baridi na wenzako wanatoka jasho, hata kama wako katikati ya wimbo, hata kama mchungaji ameinua mikono kuwabariki, mvute Kukhu nguo na umwonyeshe vidole. Akikuambia nyamaza, nenda kwa jirani. Jirani akicheka, nenda kwa mwalimu. Piga kelele barabarani. Niaibishe, mwanangu. Niaibishe Kimilili nzima, waseme binti yake amelea mtoto wa vilio asiye na adabu, niipate habari hiyo huku, na siku hiyo nitalala usingizi.

Nimekusikia ngazini, pa, pa, polepole. Nimeficha karatasi chini ya mto.

Umeingia ukaniuliza naandika nini, nikasema orodha. Prossy alikuwa nyuma yako, amebeba viatu vyako, hakunitazama usoni. Nikakuuliza paka wamesemaje.

"Wameuliza kama nitarudi."

"Ukawaambia nini?"

Umeinua vidole, kwanza vitano, halafu ukaongeza vya mkono wa pili mpaka vinane, ukaenda kunawa. Sikukuuliza ni wapi. Prossy akasema kwa sauti ya chini, "Koplo wetu," akaingia nyuma ya pazia lake, na nimemsikia akijifuta pua.

Vinane. Nimeumia, lakini pia, sijui nikuelezeje, nimepumua. Hukusema uko sawa. Ulikuwa na nafasi ya kusema, nami nilikuwa nimeshajitayarisha kuisikia. Kama umeweza na mimi leo, labda utaweza na Kukhu siku hiyo. Hiyo labda ndiyo ninayobaki nayo hapa. Nitaishikilia mpaka utakapopiga simu.

Na ukipiga, mimi pia sitakuficha. Ukiniuliza habari za huku sitasema nzuri. Nitakuambia kitanda chako sijakiondoa, nitakuambia nimelia kwenye basi watu wakaniangalia. Si kwa ajili ya kukutwisha mzigo. Zuwena alikuonyesha goti lake kwanza, ndipo ukamwonyesha mdomo wako. Nimechelewa kuelewa, lakini nimeelewa.

Barua hii nitaiweka katikati ya kitabu cha bluu. Utaikuta ukishafika. Kesho pale uwanja wa ndege hawataniruhusu kupita ule mlango wa vioo, na utageuka kunitazama, najua utageuka. Nitainua mikono yote miwili juu, vidole vyote vimefunguka. Watu watadhani nakupungia.

Wewe hesabu.

Mama